Malalamiko Kuhusu Binti Aliyefungua Mlango Kabla ya Ubeti wa Nne

Nyumba namba 41, Mtaa wa Noria Vieja,
Ajijic, kando ya Ziwa Chapala.
Tarehe 4 Novemba.

Kwa Bi. Eulalia Covarrubias,
Mwenyekiti wa Kamati ya Posada ya Mtaa,
Duka la Nyuzi na Vifungo, kona ya juu.

Mheshimiwa Bi. Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti lako la kushoto limepata nafuu tangu mvua zikatike. Sisi hapa namba 41 hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie badala ya kuvuka barabara na kukueleza kwa mdomo. Kwa mdomo ungenipa kiti na kahawa, na mimi nikishapewa kahawa husahau nilichokuja kudai.

Jana asubuhi nilipokwenda kununua tortilla, mikate yetu ya mahindi, niliikuta orodha ya posada za mwaka huu imebandikwa kwenye mlango wa kinu cha mahindi. Nyumba tisa kwa jioni tisa, kuanzia tarehe kumi na sita Desemba hadi mkesha wa Krismasi. Niliisoma mara mbili nikiwa na miwani na mara moja bila miwani. Jioni ya tano, ambayo mwaka jana ilikuwa yetu, imepewa nyumba ya Bi. Socorro Arriaga. Jina letu halimo hata kwenye akiba. Chini yake umeandika kwa mkono wako kwamba orodha itathibitishwa Jumapili baada ya misa, na mwenye neno alilete kabla ya hapo. Mimi ninalo neno.

Wewe unayajua haya, lakini wajumbe wapya wa kamati huenda hawayajui. Mimi na mke wangu Inga tulihamia mtaa huu miaka kumi na saba iliyopita, nilipostaafu kazi ya kukagua mizani za nafaka za serikali kule Manitoba, Kanada. Kwa miaka kumi na mmoja tulitembea nje pamoja na wasafiri, nyuma ya watoto wanaoigiza Yosefu na Maria, mshumaa mkononi, tukiomba malazi kwa wimbo na kukataliwa kwa wimbo kama desturi inavyotaka, hadi ubeti wa mwisho mlango unapofunguliwa. Hatukuomba kuwekwa ndani. Mgeni haombi kuwekwa ndani. Baadaye kamati ikatuandika kwenye akiba, tukakaa humo miaka mitano. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza tangu mtaa huu uanze kuandika orodha, nyumba ya wageni ilipewa jioni yake: kuwa nyumba inayombishia Yosefu, kumkataa kwa heshima zote, halafu kufungua. Nilipostaafu, Serikali ya Kanada ilinipa saa ya ukutani. Haikunigusa moyo kama ile karatasi yako yenye mstari mmoja.

Naomba turudishiwe jioni yetu. Kwamba mwaka jana kulifanyika makosa makubwa, sibishi. Lakini makosa hayo hayakuwa yetu. Yalikuwa ya wageni wetu, yaani binti yetu Lorna, mume wake Garth, na watoto wao wawili, Kelsey na Brody. Nayaeleza hapa moja baada ya jingine ili kamati ione yalianzia wapi.

1. Kuhusu kuja kwenyewe.

Wanakuja kila mwaka tarehe kumi na tano Desemba na kuondoka tarehe sita Januari. Hizo ni siku ishirini na mbili. Wastaafu wengine wa hapa hutembelewa siku saba, kumi wakizidisha, halafu hubaki na picha. Sisi huletewa mabegi saba, na manne kati ya hayo ni chakula, kana kwamba Ajijic imezingirwa na adui. Huleta siagi ya karanga. Huleta unga. Na huleta samaki mkavu wa Gimli, mji wetu wa zamani, kwa sababu mwaka mmoja, mezani, nilitamka kwa bahati mbaya kwamba namkumbuka. Tangu siku hiyo huletwa kilo tatu kila Desemba, na jokofu hunuka hadi Machi. Nimewaeleza kwamba mbele ya nyumba yangu kuna ziwa zima. Lorna hunijibu, "Wale si samaki, Baba, wale ni majirani zako."

2. Kuhusu jua na baridi.

Mkwe wangu Garth ni fundi wa kupasha nyumba joto, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, na hawezi kuelezwa habari ya jua. Kila mwaka siku ya kwanza hulala uani bila shati kuanzia saa nne asubuhi. Kila mwaka Inga humwambia, "Garth, baba, utaungua." Kila mwaka hujibu, "Dakika kumi tu, Mama." Kufikia saa nane huwa ana rangi ya kamba aliyechemshwa, na kwa siku tatu hawezi kulala kwa mgongo wala kuvaa kitu chenye kola. Kitanda pekee kinachomfaa, kwa mujibu wa Garth mwenyewe, ni changu. Hivyo mimi hulala kwenye chumba cha kufulia nguo, nikimsikiliza mkwe wangu akilia "oi, oi" kupitia ukuta.

Usiku huo huo wanafungua madirisha yote. Ni Desemba, nyuzi kumi na moja, sisi na Inga tumevaa sweta mbili mbili, nao wanajipepea kwa magazeti. Brody alimkuta Bi. Socorro akienda sokoni amejifunga skafu hadi puani akamuuliza kama ni mgonjwa, apigiwe daktari. Naamini kamati iliyapokea malalamiko hayo wakati ule.

3. Kuhusu kutoweza kukataa.

Hapa naomba wajumbe wasikilize kwa makini, maana bila hili huwezi kuelewa la nne.

Watu wa kwetu wakiitwa huitika. Ni malezi. Mtaa huu una wachuuzi kumi na wanne kwa siku, nimewahesabu, na kila mmoja ana mlio wake: gari la gesi lina wimbo, mnoa visu ana filimbi, muuza maji hupaza sauti, na mkokoteni wa viazi vitamu hupiga mluzi wa mvuke unaoweza kumwamsha maiti. Sisi wenyeji tunasikia na kuendelea na shughuli zetu. Lorna hutoka. Anaamini mtu akipiga kelele mbele ya nyumba yako basi anakuita wewe, na kutotoka ni utovu wa adabu. Akishatoka hawezi kurudi mikono mitupu, maana atakuwa amempotezea mtu wakati. Ndani ya siku nne za mwaka jana alinunua mitungi mitatu ya gesi, na jiko letu la pekee ni la umeme. Visu vyetu vilinolewa mara mbili kwa siku hadi kimoja kikawa kama sindano. Kelsey, mwenye miaka kumi na minne na anayejifunza lugha ya hapa shuleni, alitumwa kumwambia muuza viazi vitamu "asante, hatuhitaji." Alirudi na viazi arobaini.

"Ulimwambiaje?" nikamuuliza.

"Nilimwambia asante," akasema. "Sehemu ya pili sikuweza, Babu. Alikuwa anatabasamu."

Inga alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu tarehe ilikuwa kumi na tisa, na kesho yake ilikuwa jioni yetu.

4. Kuhusu jioni ya tarehe ishirini.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi ya kukataa, bafuni, mlango ukiwa umefungwa. Inga alisema sauti yangu ya mwenye nyumba ya wageni iko tayari, maana paka alikuwa ameanza kulala kwa jirani. Nilipima kila kitu. Beti nne za nje na nne za ndani, kwa mwendo wa gitaa la mzee Refugio, huchukua dakika kumi na tatu. Ongeza sala na kuingia kwa watu sitini na wanne katika mlango wenye upana wa sentimita tisini, unapata dakika ishirini na sita. Tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwa majani, zilikuwa kwenye mvuke zikihitaji dakika ishirini na tano. Nilikuwa na dakika moja ya ziada. Katika kazi yangu ya zamani hiyo ilikuwa anasa.

Saa moja kamili gitaa likaanza nje. Garth alikuwa uani juu ya ngazi akifunga kamba ya piñata, ule mtungi wa peremende ambao watoto huupasua kwa fimbo. Majirani wa kundi la ndani walikuwa wamesimama nyuma yangu na karatasi zao. Wasafiri wakaimba ubeti wa kwanza, Yosefu akaomba mahali pa kulala yeye na mkewe. Nikavuta pumzi. Ndipo Lorna akatoka jikoni, mwiko mkononi, akachungulia dirishani.

"Baba, kuna watu mlangoni."

"Najua. Nyamaza, ni zamu yetu."

"Kuna mjamzito juu ya punda."

"Ni Yadira, binti wa fundi viatu. Ana miaka tisa. Ule ni mto."

"Miaka tisa, na mnamwacha nje?"

Niliimba ubeti wangu, na bila kujisifu niliuimba vizuri.

"Umewaambia nini?" akauliza Lorna.

"Nimewaambia waende zao."

"Baba!"

Nakiri ilikuwa "Baba" ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano. Akanipita, akavuta komeo, akafungua mlango mbao zote mbili, akaanza kuwaingiza watu kwa mikono. "Samahani, samahani sana, ingieni, msigande hapo nje!" Ilikuwa nyuzi kumi na nane, Bi. Mwenyekiti. Kutoka noti ya kwanza ya gitaa hadi mlango kuwa wazi zilipita dakika tatu na sekunde arobaini. Nilikuwa na saa mkononi.

Watu sitini na wanne walikuwa na beti tatu kooni na hawakujua wazipeleke wapi. Mzee Refugio aliendelea kupiga gitaa peke yake kwa sababu hasikii vizuri. Ni Yadira aliyejaribu kuokoa hali, pale juu ya punda, mto umemteleza hadi mapajani. "Mama," alimwambia Lorna kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "bado hujatukataa. Funga kwanza."

Lorna akamgeukia Kelsey. "Anasemaje huyu mtoto?"

"Anasema umfungie mlango."

"Kamwe!" akasema Lorna, akamteremsha Bikira Maria na kumbeba hadi jikoni kwenye joto. Punda akafuata, kwa kuwa hakuna aliyemwambia abaki.

Ulifanya ulichoweza, na mbele ya kamati nasema hivyo. Ulipiga makofi ukasema, "Haya, wote nje, tuanze upya." Lakini Garth alikuwa ameshashuka ngazi, na kwa nia njema akaanza kugawa vikombe vya kinywaji cha moto cha mapera na miwa. Mtu hawezi kuomba malazi kwa huzuni akiwa ameshika kikombe. Hata hivyo mlitoka, mkajipanga, mkaimba. Mara ya pili Lorna alivumilia hadi katikati ya ubeti wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwake ile ilikuwa jitihada kubwa, lakini ubeti wa pili si wa nne.

Tamale zililiwa zikiwa mbichi katikati. Hakuna aliyelalamika mbele yetu, na nimeishi hapa muda wa kutosha kujua maana yake.

5. Kuhusu ugonjwa kuenea.

Kama yangeishia kwetu ningenyamaza. Lakini jioni ya sita, kwa Bi. Mendiola, watoto wa kundi la ndani walipaza sauti "Ingieni!" kabla gitaa halijaanza. Jioni ya saba wasafiri walipokataliwa walicheka. Jioni ya nane mtu fulani, ambaye simtaji ila anauza rangi za nyumba, aliimba kwa kundi la nje kwamba wasibishe sana, Yosefu aende namba 41, kule hawana masharti.

Mpaka leo ni Novemba na bado sijapumzika. Fermín wa kinu cha mahindi hunikaribisha kila asubuhi kwa kusema, "Karibu Mzee Sigi, au nikukatae kidogo kwanza?" Wanaume wa benchi la mbele ya kanisa wakiniona hufungua mlango wa hewa kwa mikono miwili. Na wewe mwenyewe, Bi. Mwenyekiti, nimeambiwa ulisema kwenye kikao cha Februari, "Yule binti ana moyo mzuri, lakini moyo mzuri nao ungoje ubeti wa nne." Nililiandika neno hilo na kulibandika kwenye jokofu, juu ya samaki.

6. Kuhusu kutojuta.

Mkosaji akitubu, jambo huisha. Nilimweleza Lorna kwa simu, mara tatu, Januari, Machi na Agosti, kwamba kumkataa Yosefu ndiyo heshima yenyewe, kwamba mlango ukifunguliwa mapema hakuna aliyesafiri, kwamba furaha ya kuingia inapikwa na kule kukataliwa kama tamale zinavyopikwa na mvuke. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha."

Kwa ajili ya usahihi sina budi kueleza anachosema. Lorna alipokuwa na miaka saba, usiku mmoja wa Januari, mtu alitugongea. Gari lake lilikuwa limezama kwenye theluji, na nje ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Inasemekana nilifungua bila kuuliza ni nani, na nikiwa nimesimama pale, mlango wazi, theluji ikiingia hadi kwenye zulia, niliwaambia watoto wangu, "Mtu akigonga, fungua kwanza. Jina ataulizwa akishapata joto." Mtu yule alikaa siku mbili na alikuwa mchoshi sana. Mimi sikumbuki kusema maneno hayo. Inga anakumbuka, na anasema nilikuwa nimevaa soksi moja.

Hayo hayana uhusiano wowote na shauri hili. Sheria ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri haiwezi kutumika Ajijic.

Kwa kuwa nimethibitisha kwamba mimi na Inga hatuna kosa, na kwamba mzizi wa tatizo ni kutembelewa, naiomba kamati ipitishe yafuatayo:

(a) Nyumba namba 41 irudishiwe jioni ya tano.

(b) Ipigwe marufuku kwa ndugu yeyote wa mstaafu kutoka nchi inayoganda kukanyaga Mtaa wa Noria Vieja kati ya tarehe kumi na tano na ishirini na tano Desemba.

(c) Kwa atakayekuwa ameshafika kabla ya marufuku, ufanyike mtihani. Awekwe nyuma ya mlango, Yadira agonge akiwa na mto, na kamati ishike saa. Atakayefungua kabla ya dakika kumi na tatu apelekwe hoteli Guadalajara hadi Mwaka Mpya, yeye na samaki wake.

(d) Watakaorudi Januari wapokewe langoni kwa utaratibu kamili wa posada. Wasimame na mabegi yao saba, waombe malazi mara nne, nami niwakatae mara nne kwa sauti niliyoifanyia mazoezi. Garth aimbe upande wa kivulini.

(e) Ikishindikana yote, komeo la mlango wangu lihamishiwe nje, na ufunguo ukae dukani kwako kwenye sanduku la vifungo vya shaba.

Usidhani nasema peke yangu. Nimezungusha karatasi kwa wastaafu wa mtaa wetu na ule wa nyuma, watu wa Ohio, wa Alberta na mjane mmoja wa Rotterdam, na kumi na mmoja wametia sahihi kuunga mkono. Wengine wawili walifuta sahihi zao baada ya wajukuu kuwapigia simu. Mmoja aliandika pembeni "lakini si wa kwangu." Daktari wa meno wa Ohio alitia sahihi akilia, kwa sababu ambazo hakunieleza, kwani wanawe hawajaja tangu alipohamia. Hata hivyo kumi na mmoja ni kumi na mmoja, na mtu wa mizani hahesabu machozi.

Nakuachia shauri hili mikononi mwako nikiwa na imani kwamba uamuzi utakuwa wa haki. Tafadhali nisalimie mama yako, na umwambie kiti chake chenye mto wa kijani kiko pale pale sebuleni kwetu. Msalimie mzee Refugio, kwa sauti kubwa. Wasalimie wajumbe wote, wa zamani na wapya, Bi. Socorro pia, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo. Msalimie Fermín ukiweza kufanya hivyo bila kumfurahisha. Inga anawasalimu wote kwa mapenzi na anataka ijulikane kwamba barua hii hajaisoma.

Wako katika ujirani mwema, mwenye kungoja jibu la Jumapili,

Sigurdur Thorlakson,
ajulikanaye mtaani kama Mzee Sigi.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, na utaona nimeifungua kwa mvuke.

Lorna amepiga simu jioni hii. Inga, ambaye hajaisoma barua hii, alikuwa amemweleza yote yaliyomo, pamoja na habari ya orodha. Nilijiandaa kwa ubishi. Hakubisha. Alisema, "Baba, nimefikiri sana. Mwaka huu tutabaki huku. Upate jioni yako kwa amani, tusikuharibie tena. Watoto nao wamekua, wataelewa."

Lilikuwa ombi langu (b) lilivyo, limekubaliwa bila hata kikao. Nikamshukuru. Nikamwambia ni uamuzi wa busara. Halafu simu ile ilipitisha mlio wa jiko lao la kupasha nyumba, ambalo nililifunga mimi mwenyewe mwaka aliozaliwa, nyumba hiyo ikiwa bado yetu, na nikasikia sauti yangu ikimwambia mambo ambayo sikuwa nimeyapanga. Nilimwambia kwamba hiyo haiwezekani hata kidogo. Nilimwambia mtaa mzima unamngoja. Nilimwambia kwamba juzi tu, dukani, Bi. Eulalia Covarrubias mwenyewe aliacha kupima utepe, akaniangalia, akauliza yule binti anakuja lini.

Kisha akasema, "Kweli, Baba? Ameuliza?"

Nikasema kweli.

Wamekata tiketi kabla ya chakula cha usiku. Watafika tarehe kumi na mbili, siku tatu mapema kuliko kawaida, na nimewaambia wasihesabu siku za kurudi. Kwa hiyo naomba kamati ichukulie malalamiko namba moja hadi sita kuwa yameondolewa, na maombi (a) hadi (e) vilevile. Jioni ya tano apewe Bi. Socorro, nami nitamsaidia kubeba viti. Sisi tuwekeni nje na wasafiri, watu sita, tunahitaji mishumaa sita.

Limebaki moja. Kutoka kituo cha basi hadi kwetu watapita mbele ya duka lako, na Lorna hutazama ndani ya kila mlango ulio wazi. Mimi katika miaka thelathini na mmoja ya ukaguzi sikuwahi kuandika uzito usiokuwepo, na katika umri huu nimeandika mmoja. Nimemwambia kwamba umeuliza anakuja lini. Nakusihi, Bi. Mwenyekiti, uulize.